Kulala chini ya maji Key Largo: mwongozo kamili kwa anayedaivu na anayetaka kuanza

Watu wengi wakisikia hoteli ya chini ya maji akili inaenda kwenye zile picha za Maldives, kitanda kikubwa na dari la kioo, samaki wanapita juu ya mto. Zile ni nzuri ila unashuka kwa ngazi umevaa kandambili. Hapa naongelea kitu kingine kabisa, Jules' Undersea Lodge, iko Key Largo kule Florida, Marekani, mlango wake uko chini ya sakafu ya nyumba karibu mita 6.4 kutoka juu ya maji na kuingia ni mpaka uvae mtungi uzame. Ilifunguliwa 1986, jina limetoka kwa Jules Verne, na kabla ya kuwa hoteli ilikuwa maabara ya utafiti inaitwa La Chalupa, ikifanya kazi baharini huko Puerto Rico miaka ya mwanzo ya 1970, wanasayansi wanakaa humo siku kadhaa bila kupanda juu. Ian Koblick na Neil Monney ndo walioileta Florida wakaigeuza iwe ya kulaza wageni.

Nawaandikia hasa vijana wa madaivu senta za Nungwi, Pemba, Mafia, Watamu na Diani ambao wananiuliza hii kitu kila mara, pamoja na ndugu zetu walioko Marekani ambao kwao ni safari ya kuendesha gari tu. Na jambo ninalotaka lishike kichwani kabla ya mengine yote ni kwamba safari hii unaipanga kuanzia mwisho kurudi mwanzo, yaani unaanza na ndege ya kurudi, alafu unarudi nyuma mpaka siku ya kubuku. Sababu itaeleweka mbele.

Kwanza elewa nyumba yenyewe inakaaje

Chukua glasi, ipindue mdomo uangalie chini, izamishe kwenye ndoo ya maji. Maji hayajai kwa sababu hewa iliyomo ndani inayasukuma. Hoteli ni hivyo hivyo, imesimama kwa miguu kwenye sakafu ya ziwa la maji chumvi linaloitwa Emerald Lagoon, pembeni yake mikoko, na chini kwenye sakafu yake kuna shimo la kuingilia lililo wazi muda wote, kama mita moja na nusu kwa mbili, halina mfuniko. Maji yamesimama pale kwenye usawa wa shimo yametulia, unaweza kukaa ukingoni miguu ikiwa majini huku kiwiliwili kikiwa kwenye hewa kavu. Kinachozuia maji yasipande ni presha ya hewa inayopampiwa kutoka nchi kavu kwa bomba masaa 24, na hewa inayozidi inatoka kwa mapovu pale pale shimoni. Umeme, maji baridi, simu na intaneti vyote vinapita kwenye bomba hilo kubwa, na juu nchi kavu kuna kituo chenye mtu anayeangalia usiku kucha, hamna dakika ambayo mko peke yenu kweli.

Ndani kuna vyumba viwili vya kulala, sebule yenye jiko dogo katikati, na chumba cha maji ambako ndo lile shimo liko, na hapo hapo kuna choo na bafu la maji ya moto. Kila chumba cha kulala kina dirisha kubwa la duara, upana kama mita moja. Kiyoyozi kipo. Si pakubwa, mkiwa sita pamejaa.

Sasa shika hili. Presha ya ndani ni sawa na presha ya maji pale shimoni, kama mara 1.6 ya ile ya juu. Maana yake hata ukiwa umelala kwenye shuka kavu unaangalia simu, mwili wako uko kwenye daivu. Nitrojeni inaingia kwenye damu na minofu masaa yote, ukiamka asubuhi umeshaibeba karibu yote ambayo mwili unaweza kubeba kwa kina kile. Hapo ndo sheria zote za hii safari zinapotoka.

Nani anaruhusiwa

Habari njema ni kwamba si lazima uwe na leseni. Asiye na kadi anapewa darasa fupi pale pale, anafundishwa kupumua kwenye regyuleta (kile kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa ya mtungi), kutoa maji kwenye maski, kusawazisha masikio, alafu anashushwa na mwalimu pembeni yake. Umri ni kuanzia miaka 10. Ila ushauri wangu kwa wanaotoka huku nyumbani, usiende bila leseni. Umelipa nauli yote hiyo kuvuka Atlantiki alafu ukifika unatumia nusu ya muda kujifunza kutopaniki, wakati Open Water, ile kozi ya leseni ya kwanza ya kudaivu, ungeweza kuifanya Zanzibar au Diani kwenye maji ya nyuzi 27, kwa mwalimu anayekuelekeza kwa Kiswahili, ukafika Florida unafurahia tu. Mwenye leseni pia anaweza kutoka nje ya hoteli kuzunguka lagoon, na kwangu mimi hiyo ni nusu ya thamani ya pesa.

Afya ndo hapa watu wanapochukulia poa. Kuna fomu ya maswali, pumu, moyo, kifafa, operesheni ya kifua, mapafu yaliyowahi kuporomoka, sikio lililowahi kupasuka, ujauzito. Ukijibu ndiyo kwenye swali lolote unatakiwa uwe na saini ya daktari. Ipate nyumbani kabla hujapanda ndege, tena daktari anayeelewa mambo ya kudaivu akiwepo, maana ukifika Key Largo ndo ukaambiwa tafuta daktari utalipa hela ya maana kwa karatasi moja na pengine usiipate siku hiyo. Na usidanganye kwenye fomu, haimkomoi mtu mwingine zaidi yako.

Mafua yana kesi yake. Kwenye daivu ya kawaida wengine wanameza dawa ya kufungua pua wanashuka dakika 40 wanarudi, hata hiyo sipendi. Kwa kulala usiku ndo usithubutu kabisa, sababu dawa itaisha nguvu saa nane za usiku, pua inaziba, na hewa iliyoko nyuma ya paji la uso na ndani ya sikio haina pa kutokea. Asubuhi unapopanda ile hewa inatanuka. Maumivu yake ni makali na huna ujanja maana unapaswa kupanda. Mwenye mafua aombe tarehe ibadilishwe, ndo maana wakati wa kubuku ulizia sera yao ya kubadili tarehe kabla hujaulizia menyu.

Kubuku na kupanga tarehe

Andikia hoteli moja kwa moja kwanza, thibitisha kwamba tarehe unayotaka wanapokea wageni, nyumba ya zamani namna hii inafungwa mara kwa mara kwa matengenezo, kisha ndo ununue tiketi. Uliza bei ni kwa kichwa au kwa nyumba nzima, chakula kimo au hakimo, vifaa vimo au unakodi, na mtashea na wageni wengine au mtakuwa wenyewe. Wana pia kukaa kwa masaa machache mchana bila kulala, na kama una wasiwasi na sehemu zilizobana basi anzia hapo, ni hela ndogo zaidi na mwili haubebi nitrojeni nyingi kama ya usiku mzima.

Sasa ile kanuni. Baada ya kulala humo husogelei ndege kwa masaa 24. Kwenye ndege presha ya kabini inashuka chini ya ile ya ardhini na nitrojeni uliyobeba inaweza kutoka kwa mapovu ndani ya damu na viungo, ndo ule ugonjwa wa wazamiaji tunaouogopa wote, si presha ile ya kupanda ya hospitali. Kwa hiyo andika kwenye karatasi hivi: ndege ya kurudi ni Jumapili jioni, basi kutoka majini ni Jumamosi asubuhi, kulala ni Ijumaa, na kufika Florida ni Jumatano au mapema zaidi, ili upumzike usiku miwili au zaidi na masikio yatulie baada ya safari ndefu ya ndege. Usinywe pombe kwenye ndege, kunywa maji, mtu aliyekauka maji mwilini anapata ugonjwa huo kirahisi zaidi.

Msimu nao. Vimbunga vya Atlantiki rasmi ni kuanzia 1 Juni mpaka 30 Novemba, na kilele ni Agosti mpaka Oktoba. Kimbunga kikitangazwa Keys, yaani ule mlolongo wa visiwa ambamo Key Largo imo, wageni wanahamishwa wote, barabara ni moja tu. Majira ya baridi maji yanashuka kwenye nyuzi 21 au 22, kwa mtu wa Kizimkazi hiyo ni baridi, omba wetisuti (nguo ya mpira ya kudaivu) nene. Mi naona Aprili na Mei ndo pazuri.

Viza anza miezi mingi kabla, na soma masharti ya sasa ya ubalozi kwa pasipoti yako maana yanabadilika. Kwenye usaili eleza wazi, naenda kudaivu, hii hapa leseni, hii hapa kazi ninayorudi kuifanya.

Kufika

Unashukia Miami, unakodi gari, unashika US-1 kuelekea kusini, ni kama saa moja na nusu foleni isipokuwepo. Kule Keys hamna mtu anakuelekeza kwa majina ya mitaa, wanahesabu nguzo za maili kuanzia Key West ambayo ni sifuri, hoteli iko maeneo ya nguzo ya 103. Kama unaendesha gari lako kutoka majimbo mengine ndo raha zaidi, ila hata wewe usipande milimani masaa 24 baada ya kutoka majini. Florida yenyewe ni tambarare, haina shida.

Kufungasha

Begi lako halishuki kama lilivyo. Wafanyakazi wanachukua vitu vyako wanaviweka kwenye kasha lisilopitisha maji, mzamiaji anashuka nalo, kwa hiyo beba kidogo: nguo za kulalia, sweta maana kiyoyozi na unyevu vinaleta ubaridi, dawa zako, mswaki, chaja, kitabu. Taulo na mashuka yapo.

Vitu vya kuacha juu: sigara, vepu, kiberiti, mshumaa, ubani, udi, chochote chenye moto. Hewa iliyobanwa ina oksijeni nyingi zaidi kwa kila pumzi na moto unashika haraka, na hakuna dirisha la kufungua. Pulizo za kopo nazo acha, hewa ya mle mnaigawana wote. Pombe nayo acha, asubuhi unatakiwa uvae regyuleta akili ikiwa sawa.

Alafu kuna mambo ya presha ambayo hamna mtu anakwambia mpaka yakukute. Pakiti ya krispi iliyofungwa juu, ile iliyojaa hewa, ikifunguliwa kasha kule chini unaikuta imenywea, plastiki imeng'ang'ania vipande. Haijaharibika, kula tu. Chupa laini ya shampuu iliyobaki nusu inabonyea. Kinyume chake ndo hatari kidogo, chupa ya maji ukinywa nusu kule chini ukaifunga kwa nguvu, juu hewa iliyomo inataka nafasi mara 1.6, inavimba na kufumuka. Kabla ya kutoka legeza kila mfuniko. Mwenye kisukari anayetumia pampu ya insulini, au mwenye kifaa chochote mwilini, aongee na daktari na watengenezaji wa kifaa mapema.

Kushuka na kuingia

Unavaa vifaa ukingoni, unaingia majini, unashuka taratibu unasawazisha masikio kila nusu mita hivi, usisubiri mpaka yaume. Sikio likigoma panda kidogo, jaribu tena. Lagoon si Mnemba, nisiwadanganye, maji yana ukijani na siku nyingine unaona mita chache tu, kwa hiyo nyumba inatokea ghafla mbele yako, kubwa, imefunikwa na sponji na viumbe vya bahari kila kona. Unapita chini yake, unaangalia juu unaona mwanga umekatwa kwa umbo la mstatili, hilo ndo shimo. Panda taratibu mkono mmoja juu ya kichwa, kichwa kikitokea kwenye hewa usikimbilie kuvua maski, shika ngazi kwanza, mpe mwalimu mapezi, alafu ndo maski na regyuleta. Hewa ina harufu ya bahari na ya mpira wa wetisuti. Oga maji ya moto, kausha masikio vizuri kwa taulo, unyevu wa mle ndani ukikaa sikioni unaleta maambukizi.

Kisha mtaelekezwa mambo ya dharura, simu ya kituo cha juu, hewa ya akiba, nini cha kufanya umeme ukikatika. Sikiliza yote hata kama una leseni ya divemasta.

Usiku wenyewe

Chakula cha jioni kinachojulikana dunia nzima ni pizza, mzamiaji anailetea kwenye kasha kavu, inafika ya moto. Toa tipu, kule ni desturi na jamaa amezama kwa ajili yako. Friji na maikrowevu vipo. Soda ukifungua haitoi povu kama ulivyozoea kwa sababu presha imeishikilia gesi ndani, na hiyo gesi ukiinywa inakusubiri tumboni, asubuhi ukipanda inatanuka. Maharage na soda usiku ule visikae sahani moja.

Mwenye leseni akitaka kutoka nje jioni, hapa wanatumia pia bomba refu la hewa linalotoka hotelini, hubebi mtungi mgongoni. Unatoka shimoni, unazunguka lagoon, unarudi. Kanuni ni moja na haina mjadala: ukishakaa masaa mengi chini hupandi juu ya maji kwa matakwa yako, hata ukisikia wenzako wanaita, hata ukiona ngalawa ya mtu. Nyumbani kwako usiku huo ni pale shimoni. Taratibu zao za kina na muda zifuate kama zilivyo, zile jedwali za daivu ulizosoma Open Water, za kina na muda wa kukaa chini, zimetengenezwa kwa mtu anayeanzia juu, wewe umeanzia chini.

Kisha zima taa za ndani, acha ya nje. Mwanga unaleta vidudu vidogo, vidudu vinaleta dagaa wachanga wa mikokoni, dagaa wanaleta changu na kitatange, na mzia anakaa pembeni ya mwanga amesimama haendi popote, dirishani kabisa, unahesabu meno. Ile lagoon ya mikoko ndo wanakokulia samaki wadogo kabla ya kwenda kwenye miamba ya nje, ndo maana samaki wamejaa hata kama maji si angavu. Hapa tulia masaa hata mawili, weka simu chini.

Usingizi unakuja ila kuna mlio wa hewa na mapovu usiku kucha, mwenye usingizi mwepesi abebe vizibo vya masikio, ILA avivae kitandani tu na avitoe kabla ya kugusa maji, kizibo sikioni wakati wa kushuka au kupanda kinaweza kuumiza ngoma ya sikio.

Kama unajiuliza mtu anaweza kukaa muda gani, Joseph Dituri, mzamiaji mstaafu wa jeshi la maji la Marekani na mhadhiri wa University of South Florida, alikaa humu humu siku 100, kuanzia 1 Machi mpaka 9 Juni 2023. Kabla yake Bruce Cantrell na Jessica Fain walifikisha 73 mwaka 2014.

Kutoka

Kula kidogo, kunywa maji, legeza mifuniko, jaribu kusawazisha masikio kabla hujavaa. Kina cha hoteli hii kimechaguliwa vizuri, ndo maana mgeni anapanda moja kwa moja bila kusimama vituo njiani kusubiri nitrojeni itoke. Linganisha na Aquarius, maabara ya wanasayansi iliyoko baharini hapo hapo Key Largo kwenye mita kama 19, kule wakimaliza kazi wanahitaji karibu masaa 17 ya kushushiwa presha kabla ya kutoka. Lakini moja kwa moja haimaanishi haraka. Mita 6 kwenda juu, chukua dakika nzima au zaidi, na PUMUA muda wote. Hewa uliyovuta kule chini inatanuka mara 1.6 ukifika juu, mtu akibana pumzi pafu linachanika, na hili halijali una leseni gani. Wenye watoto wa miaka 10, 11, hili warudieni tena na tena jioni mpaka waliimbe.

Masaa 24 yanayofuata usibebe mizigo mizito, usikimbie, usiingie kwenye maji ya moto sana, na usidaivu tena bila ruhusa ya wahusika. Maumivu ya kiungo, ganzi, vipele vya ajabu, uchovu usioelezeka au kizunguzungu, hata kama vimekuja jioni uko gesti, mpigie mtu wa hoteli na uende hospitali, usilale ukisema ni uchovu wa safari. Tiba ya kwanza ni oksijeni. Bima ya kudaivu kata kabla hujasafiri, DAN (Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji) wanayo, ya kawaida ya safari mara nyingi haigusi matibabu ya chemba ya presha, kile chumba cha kutibia ugonjwa wa wazamiaji.

Siku hiyo ya kusubiri isikuume, kuna John Pennekamp, hifadhi ya kwanza ya chini ya bahari Marekani, ilifunguliwa 1963, unaweza kupanda boti ya kioo ukaangalia miamba bila kulowa, au ukaendesha kwenda Everglades kuangalia mamba.

Na kwa ambao viza au bajeti imegoma, Pemba kuna chumba cha chini ya maji pale Manta Resort, kaskazini kabisa ya kisiwa, kimeelea baharini tangu 2013, kilibuniwa na Mikael Genberg wa Sweden. Chumba cha kulala kiko kama mita 4 chini na madirisha pande zote, unashuka kwa ngazi, presha ni ya kawaida, kwa hiyo asiyejua kabisa kudaivu analala humo na kesho yake anapanda ndege Chake Chake bila kusubiri chochote. Sharti ni moja tu, kama mchana ulidaivu kwenye mwamba wa pale basi masaa ya kusubiri ndege yanahesabiwa kutoka kwenye daivu ile, na hapo panga tena kuanzia tiketi ya kurudi.